Mume wangu ana TB na bado anakunywa wikiendi: pombe inafanya nini kwenye kinga ya mwili?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi naishi Morogoro. Mume wangu ana miaka 41, ni fundi wa kuchomelea mageti. Hanywi kila siku. Ijumaa na Jumamosi anakunywa bia nne au tano, na wenzake wakinunua bapa wanagawana. Mwaka huu amelazwa mara mbili kwa nimonia, halafu mwezi uliopita wakamkuta na TB. Sasa yuko wiki ya tano ya dawa. Nesi alimwambia asiguse pombe mpaka amalize miezi sita, lakini wenzake kijiweni wanamwambia pombe kali kidogo ndiyo inaua wadudu wa kifua, maana hata sanitaiza ni pombe. Nani anasema kweli? Na je, pombe ndiyo iliyomletea TB? Tuna watoto wawili, wa miaka minne na tisa.

Jibu: Dada yangu, pole sana kwa kuuguza. Nesi ndiye anayesema kweli. Nitalieleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu mwanaume aliyezoea kukaa na wenzake Ijumaa jioni haachi kwa kuambiwa "acha" tu. Akielewa kinachoendelea kifuani mwake, walau atakuwa na la kuwajibu wenzake. Mimi natibu magonjwa ya kifua, na watu wa umri wa mumeo, wenye historia kama yake, nawaona karibu kila wiki.

Nianze na sanitaiza, kwa kuwa ndiyo hoja inayowashinda wengi. Ni kweli pombe inaua vijidudu, lakini lazima iwe na nguvu ya kutosha na ivifikie vilipo. Sanitaiza ya mikono inatakiwa iwe na pombe asilimia 60 kwenda juu, na ile ambayo Shirika la Afya Duniani linaelekeza hospitali zijitengenezee ina asilimia 80. Bia ina asilimia 5 hivi. Pombe kali ya dukani ina 35 hadi 40. Nayo ikishamezwa haiendi kwenye mapafu, inaenda tumboni, inaingia kwenye damu na kusambaa kwenye maji ya mwili mzima. Kiwango ambacho nchi nyingi humkamatia dereva ni gramu 0.08 katika kila mililita 100 za damu. Sanitaiza ya asilimia 60 ina gramu kama 47 katika mililita 100. Linganisha 0.08 na 47: damu ya mlevi ni dhaifu kuliko sanitaiza karibu mara 600. Ikifika 0.4 mtu anaweza kuacha kupumua. Kwa hiyo kabla damu haijapata nguvu ya kuua bakteria hata mmoja, mwenye damu atakuwa amekufa zamani. Halafu vijidudu vya TB havikai kooni vikisubiri kupitiwa na toti. Viko chini kabisa kwenye mapafu, vingi vikiwa vimejificha ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe.

Usiwalaumu sana wa kijiweni, maana hata wakubwa wamewahi kuyasema hayo. Aprili 2020, wakati wa korona, Mike Sonko, aliyekuwa gavana wa Nairobi, alitangaza kwamba vifurushi vya chakula vya wananchi vingekuwa na chupa ndogo za konyaki ya Hennessy, akidai inasafisha koo na kuua virusi. Watengenezaji wa kinywaji hicho wenyewe walijitokeza kukanusha. Nchini Iran mwaka huohuo uvumi wa namna hiyo uliua mamia ya watu waliokunywa pombe yenye methanoli, aina ya pombe yenye sumu isiyofaa kunywewa, wakidhani wanajikinga. Kwa hiyo ninapojibu swali hili silichukulii kama porojo za kijiweni.

Sasa tuingie kwenye kinga yenyewe, tukianzia juu tukishuka chini, maana pombe inafungua mlango mmoja baada ya mwingine.

Kooni na puani kwetu sote kuna bakteria. Hata wewe unaposoma hapa, inawezekana unaye yule anayeitwa nyumokoka, ambaye ndiye msababishi mkuu wa nimonia, na hakudhuru kwa sababu hashuki. Kinachomzuia kushuka ni kikohozi, na kile kifuniko kidogo kinachoziba njia ya hewa tunapomeza. Mtu aliyelewa akalala, vyote viwili vinazubaa. Mate yanateremka na kuingia kwenye mapafu, wakati mwingine pamoja na matapishi, na yeye hakohoi. Asubuhi anaamka na kichwa kinamgonga, anatafuta supu, hajui kwamba usiku alimeza bakteria kwa njia isiyo ya chakula.

Chini ya koo, njia za hewa zimetandikwa vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kwa pamoja kama majani ya mpunga kwenye upepo, vikisukuma ute na takataka kurudi juu ili tuteme au tumeze. Ukinywa mara moja moja, vinyweleo hivi huongeza kasi kwa muda. Ukinywa sana kwa muda mrefu, vinazoea, halafu vinapoteza uwezo wa kuitikia mzigo unapoingia. Fundi wa kuchomelea anavihitaji kuliko karani wa ofisini, maana kila siku anavuta moshi wa chuma. Hili naomba ulichukue kwa uzito: wachomeleaji, hata wasiokunywa, wana hatari kubwa zaidi ya kupata nimonia kutokana na moshi huo, kiasi kwamba Uingereza wanashauriwa kuchanjwa dhidi ya nyumokoka. Mumeo ana pombe kwa upande mmoja na moshi kwa upande mwingine. Kama anavuta na sigara, hujaniandikia, lakini muulize.

Tukishuka zaidi tunafika kwenye vifuko vya hewa, na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ndani ya kila kifuko wanazunguka walinzi wanaoitwa makrofaji. Ni seli kubwa zinazotembea taratibu, zikikutana na bakteria zinammeza na kumyeyusha, na zikizidiwa zinatoa ishara za kemikali, saitokini, kuita msaada kutoka kwenye damu. Kwa mnywaji wa muda mrefu seli hizi zipo, ukizihesabu hazijapungua sana, lakini zimechoka. Akiba yao ya glutathioni, kemikali inayozilinda zisiungue kwa sumu zao wenyewe, imepungua sana. Madini ya zinki yamepungua ndani yake. Zinamfikia bakteria, zinashindwa kummeza. Au zinammeza na kushindwa kumuua.

Ishara zinapotolewa, anayetakiwa kuitika kwanza ni seli nyeupe iitwayo nyutrofili. Hizi huzalishwa kwenye uboho wa mifupa kwa wingi wa ajabu, takriban bilioni 100 kwa siku, na nimonia inapoingia uzalishaji huongezeka. Pombe inaharibu kazi hiyo mara mbili: inazichelewesha nyutrofili kutoka kwenye damu kwenda kwenye pafu, na kwa mnywaji wa kupindukia inaudhoofisha uboho wenyewe.

Niliwahi kupokea dereva wa lori, aliletwa alfajiri na utingo wake. Alikuwa anahema kama aliyekimbia mlima, midomo imepauka, lakini kipimajoto kikasoma 36.1. Hakuwa na homa kabisa. Picha ya eksirei nikaishika dirishani: pafu la kulia lilikuwa jeupe lote kutoka juu hadi chini. Kwa nimonia ya ukubwa ule nilitarajia seli nyeupe 15,000 au 20,000 kwa kila mikrolita ya damu. Karatasi ya maabara ikarudi imeandikwa 1,900. Nikaomba warudie, nikidhani wamekosea. Wakarudia: 1,800. Mwili wake ulikuwa umevamiwa na haukuwa na askari wa kutuma, hata homa haukuweza kuiwasha. Mkewe alituambia alikuwa anakunywa bapa mbili kwa siku, kwa miaka. Zilipita siku nne bila pombe, akiwa kwenye dripu na antibiotiki, ndipo seli zikaanza kupanda. Alipona, lakini alitoka wodini baada ya wiki tatu, na pafu lile halikurudi lilivyokuwa.

Nimekutajia kisa hicho kwa sababu moja: kutokuwa na homa siyo dalili njema kwa mnywaji anayekohoa na kuhema. Ndugu wengi wanachelewa kumleta mgonjwa kwa kuwa "hana joto".

Utaniuliza, sasa huyu wa kwangu hanywi kila siku, yanamhusu? Yanamhusu, na tuna vipimo vya kuonyesha. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola huko Chicago walichapisha jaribio la watu 15 wenye afya, vijana tu, waliopewa vodka toti nne au tano kisha wakatolewa damu baada ya dakika 20, saa mbili na saa tano. Dakika 20 za mwanzo kinga ilionekana imechangamka. Nadhani hapo ndipo wanywaji wanapodanganyika, maana mtu anajisikia moto na nguvu. Lakini kwenye saa ya pili na ya tano picha ilikuwa imegeuka. Monositi, ambazo ndizo mama wa baadhi ya makrofaji, zilikuwa zimepungua kwenye damu, pia seli zinazoua seli zilizoshambuliwa na virusi zilikuwa zimepungua, na saitokini inayotuliza kinga ilikuwa imepanda. Jamaa hawakuwa walevi wa siku zote, walikunywa usiku mmoja tu.

Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Massachusetts walikuwa wamepima kitu kingine kwa watu wenye afya waliokunywa kwa mkupuo. Ndani ya nusu saa, sumu inayotokana na magamba ya bakteria wa utumbo ilianza kuonekana kwenye damu. Ukuta wa utumbo umeunganishwa seli kwa seli kama matofali yenye udongo kati yake, na pombe inailegeza ile miungano. Vinavyotakiwa kubaki kwenye kinyesi vinapenya, vinakwenda kwenye ini, na ini linalazimika kupigana vita ambavyo havikuwepo. Kwa mtu anayekunywa kwa miaka, vita hivi havikomi. Ndiyo maana siridhiki na usemi kwamba pombe "inashusha kinga", kana kwamba ni maji yanayopungua kwenye tanki. Kwa mnywaji wa kudumu, kinga inazubaa pale inapohitajika na inawaka pale isipohitajika. Bakteria anaachwa, na tishu za mtu mwenyewe zinachomwa. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa mahututi waliokuwa hatarini kupata ile hali ambapo mapafu yote yanavimba na kujaa maji. Waliokuwa na historia ya ulevi waliipata asilimia 43, wasio nayo asilimia 22.

Sasa hesabu ya mumeo. Bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 za pombe halisi. Bia nne ni gramu 80, bia tano ni gramu 100. Shirika la Afya Duniani linahesabu unywaji wa kupindukia wa siku moja kuanzia gramu 60, yaani bia tatu kubwa tu. Bapa la mililita 200 la asilimia 35 lina gramu kama 55, kwa hiyo robo ya bapa juu ya bia nne si nyongeza ndogo. Ini la mtu mzima linaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Gramu 100 za Ijumaa usiku zinachukua saa 10 hadi 14 kuisha, yaani Jumamosi asubuhi au mchana, na jioni anaanza tena. Kinga inaweza kubaki imedumaa hata saa 24 baada ya kunywa sana. Piga hesabu mwenyewe: kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku, kila wiki, kifua chake hakina mlinzi timamu. Na nyumokoka, akipata mahali pazuri, anajigawa kila nusu saa hivi. Saa tano za kuchelewa zinatosha mmoja kuwa zaidi ya elfu.

Kwa hiyo zile nimonia mbili sishangai nazo. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walijumlisha tafiti nyingi wakakuta kwamba wanaokunywa wana uwezekano wa kupata nimonia uliozidi kwa asilimia 83, na kila gramu 10 mpaka 20 kwa siku zinaongeza asilimia 8. Ila kwa mumeo naongeza jambo lingine, na nitaomba umweleze daktari wake: mtu akitibiwa nimonia mara mbili ndani ya mwaka halafu akakutwa na TB, inawezekana ile ya pili, au hata ya kwanza, ilikuwa TB tayari. Antibiotiki za kawaida humpa mtu nafuu kidogo, anarudi nyumbani, kikohozi kinaendelea.

Je, pombe ndiyo iliyomletea TB? TB inaletwa na bakteria, na aliivuta kwa hewa kutoka kwa mtu mwenye TB ya mapafu. Lakini kuivuta ni jambo moja na kuugua ni jingine. Inakadiriwa kwamba robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa TB, na kati yao wanaougua maishani ni asilimia 5 hadi 10 tu. Wengine wote kinga yao inamfungia bakteria ndani ya ukuta. Ni ukuta kweli: makrofaji na seli nyingine zinamzunguka na kukaa hapo miaka na miaka, zikiwa zimeshikwa pamoja na saitokini, hasa ile iitwayo TNF, ambayo kwa ukuta huo ni kama saruji. Pombe ikiingia kwa wingi inapunguza utolewaji wa TNF, na makrofaji ambazo ndizo matofali zenyewe zimechoka. Ukuta unapata ufa. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba wanaokunywa zaidi ya gramu 40 kwa siku, bia mbili kubwa, au walio na uraibu wa pombe, wana hatari ya kuugua TB karibu mara tatu ya wengine.

Lipo na la mahali. Vilabu vyetu vingi vina paa la chini, madirisha madogo au hakuna, watu wamebanana, wanaimba, wanacheka kwa sauti, na mmoja anakohoa tangu masika. Hapo TB inasafiri vizuri. Wengi wanadhani inapitia kwenye kata au kopo la kuchangia mbege, kwa hiyo mtu anakuja na kikombe chake akidhani amejikinga. TB haipiti kwenye kikombe. Inapita kwenye hewa ambayo kila mwenye kikombe anaivuta. Kama mumeo hawezi kuacha kukaa na wenzake, na sidhani ni haki kumtaka akae peke yake miezi sita, basi wakae nje, chini ya mti, naye anywe soda.

Utakutana na mtu atakayekuambia amesoma kwamba pombe kiasi inaongeza kinga. Hajazua. Mwaka 1993 ilichapishwa kazi ya Uingereza ambapo watu 391 waliwekewa virusi vya mafua puani kwa hiari yao. Kati ya wasiovuta sigara, waliokuwa wakinywa kiasi walipata mafua kidogo kuliko wasiokunywa. Mimi naichukulia kazi ile kwa heshima, lakini tazama ilihusu nini: mafua ya kawaida, watu wazima wenye afya, wanywaji wa kiasi. Mafua hayakai ndani ya makrofaji, wala dawa zake hazipiti kwenye ini kwa miezi sita. Haiwezi kumsaidia mtu mwenye TB anayekunywa gramu 100 kwa usiku. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya.

Tumefika kwenye dawa, na hapa nakuomba usome pole pole. Dawa mseto anazomeza mumeo miezi miwili ya mwanzo ni nne, na tatu kati yake, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinaweza kuliumiza ini. Kwa mtu asiyekunywa, ini kwa kawaida linamudu. Ukiongeza pombe, hatari inapanda. Ini likiumia inabidi dawa zisimamishwe zote, kisha zirudishwe moja moja kwa uangalifu, na wakati huo TB inapumua. Ndicho alichokuwa anakihofia nesi.

Mkojo wake utakuwa na rangi ya chungwa. Hiyo ni rifampisini, haina madhara, na inaonyesha kwamba amemeza dawa. Kinachotakiwa kukushtua ni mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, macho kuwa manjano, kichefuchefu kisichoisha, kukataa chakula, au maumivu chini ya mbavu za kulia. Ukiona lolote kati ya hayo, asimeze dozi inayofuata. Nendeni kliniki siku hiyohiyo. Akilalamika ganzi au kuchomachoma nyayoni, waambieni pia. Isoniazidi inaimaliza vitamini B6 mwilini, pombe nayo inafanya hivyohivyo, na kuna kidonge cha kurekebisha.

Na ikitokea ameteleza akanywa? Hapa watu wengi wazuri wanakosea. Mgonjwa anawaza: nimekunywa, nikimeza dawa itakuwa sumu, bora niruke leo. Anaruka Ijumaa, anaruka Jumamosi, na kila wiki inakuwa hivyo. Bakteria wa TB anayepewa dawa siku tano na kupumzishwa mbili ndiye anayejifunza usugu, na TB sugu ni ugonjwa mwingine kabisa. Akiteleza, dozi ya asubuhi ameze kama kawaida, maadamu hana dalili za ini nilizotaja, na awaambie kliniki ukweli. Mhudumu aliyefunzwa hatamgombeza. Atapima ini.

Kuacha kwenyewe kwa mtu wa wikiendi hakuna hatari ya kimwili. Anaweza kuacha leo. Lakini ninyi wake mnajua mambo ambayo hatuandikiwi. Kama asubuhi mikono inamtetemeka mpaka azimue ndipo itulie, kama anatoka jasho na kukosa usingizi siku asipokunywa, basi si mnywaji wa wikiendi tu, na asiache kwa ghafla akiwa nyumbani. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kunakoweza kuua kunakuja siku ya pili mpaka ya nne. Mtu huyo anaachishwa hospitalini, kwa dawa za kumtuliza na vitamini B1. Arosto ya namna hiyo si uzembe wala ukosefu wa msimamo. Ni ubongo uliozoea breki na ghafla breki zimeondolewa.

Habari njema ni kwamba kinga inarudi. Uboho unaanza kuzalisha vizuri ndani ya siku chache, kama ulivyoona kwa dereva wa lori. Utumbo uliolegea unaweza kujikaza ndani ya wiki tatu hivi. Mapafu ni ya taratibu zaidi, lakini makrofaji zinabadilishwa na mpya zinakuja zikiwa na akiba yao kamili. Mumeo akiacha leo, dawa zake zitafanya kazi zikiwa na jeshi upande wao, maana dawa za TB peke yake hazimalizi kila bakteria. Waliobaki humalizwa na kinga. Mpikie mayai, dagaa, maharage, njugu. Hivyo vina protini na zinki. Na kazini, kwa miezi hii, achomelee nje kwenye upepo na avae barakoa ya kazi, siyo kitambaa.

Muulize kama amepimwa VVU alipoanza dawa. Ni kipimo kinachofanywa kwa kila mgonjwa wa TB, hakuna aibu ndani yake, na majibu yake yanabadilisha matibabu.

La mwisho ni watoto, na kama kuna jambo moja la kufanya kesho asubuhi, ni hili. Wote wawili, pamoja na wewe, mnatakiwa kuchunguzwa TB kwa kuwa mnalala nyumba moja naye. Yule wa miaka minne ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu ukuta niliokueleza, mwili wa mtoto wa chini ya miaka mitano bado haujui kuujenga vizuri. Akikutwa hana TB, atapewa dawa ya kinga, na kwenye kliniki za serikali anapewa bure. Beba kadi ya matibabu ya baba yake na kadi ya kliniki ya mtoto, fika mapema, na useme pale dirishani: "Nimeleta watoto wa mgonjwa wa TB." Watajua pa kukupeleka.